Saraka za harusi mtandaoni: ninayoangalia kabla ya kulipa ada nyingine

Maharusi wakiketi nami kupanga mapambo, kabla hatujagusa habari ya rangi, huwa nawauliza: mlitupataje? Nauliza kila mara na jibu naliandika, kwa sababu ada ya saraka za harusi mtandaoni, yaani tovuti zinazoorodhesha watoa huduma ili maharusi wawapate, ndiyo gharama yangu kubwa ya matangazo na hakuna mwingine wa kuniambia kama inarudi. Saraka yenyewe hunitumia ripoti ya kila mwezi yenye michoro mizuri: ukurasa wako umetazamwa na watu kadhaa, wengine wamekuhifadhi kwenye orodha yao, wengine wamebofya namba yako ya simu. Hizo zote si harusi. Harusi ni mkataba uliosainiwa na advansi iliyoingia, na ripoti haiwezi kuona huko.

Mimi ni mpambaji: jukwaa la maharusi, meza za wageni, maua, vitambaa na taa. Biashara ni ndogo, ya watu wachache, na ina tabia moja inayoitofautisha na biashara nyingi. Mteja akifurahi hana sababu ya kurudi mwezi ujao. Atakusifia, atawaelekeza kwako ndugu na marafiki, lakini yeye mwenyewe amemaliza. Kwa hiyo kila mwaka natafuta wateja wapya kuanzia mwanzo, na hao wapya wengi wao hawajawahi kuajiri mpambaji maishani. Hawajui bei, hawajui waulize nini, hawajui nani ni nani. Saraka zinaishi kwenye ugeni huo wa mteja, na naziheshimu kwa hilo. Zinawakusanya watu ambao nisingejua nianzie wapi kuwatafuta.

Huduma yenyewe ina umri sasa. The Knot ilianzia New York mwaka 1996, WeddingWire ikaja huko huko Marekani mwaka 2007, na mwaka 2018 zikaungana. Leo ziko chini ya kampuni moja, The Knot Worldwide, ambayo pia inamiliki Hitched ya Uingereza na Bodas.net ya Hispania. Habari hizo zinahusu mfuko wa mfanyabiashara mdogo moja kwa moja. Ukiletewa ofa ya kutangaza kwenye saraka mbili, chunguza kwanza kama mwenye nazo ni mmoja, na kama maulizo yanatoka kwenye kapu moja. Jina la kampuni huwa limeandikwa chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwenye maandishi madogo, au ndani ya mkataba wenyewe. Inachukua dakika moja kuangalia, na inakuepusha kulipa mara mbili ili uonwe na watu wale wale.

Kwa maharusi kila kitu ni bure. Anayelipa ni mtoa huduma. Kawaida kuna ukurasa wa bure wenye jina, maelezo mafupi na picha chache, halafu kuna vifurushi vya kulipia vinavyokupandisha juu katika kundi lako la huduma na eneo lako. Ofisa mauzo mmoja aliwahi kunipigia akasema, "Dada, nafasi za juu zimebaki chache, nikushikie moja leo?" Nikamuuliza hizo nafasi za juu ni ngapi kwa jumla, na wapambaji wangapi wa eneo langu tayari wanazo. Akaomba muda akaulize. Aliporudi jibu likawa kwamba kifurushi hakina kikomo. Wote walionunua wanapokezana nafasi kila ukurasa unapofunguliwa. Namshukuru kwa kusema kweli, maana jibu hilo lilibadilisha hesabu nzima. Kama wapambaji karibu wote wa eneo lako wako kwenye kifurushi kile kile, unacholipia ni kutoachwa nyuma. Hilo lina thamani yake, ila lisiuzwe kwa bei ya kuonekana wa kwanza. Tangu hapo hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia, na asiye na jibu hatufiki kwenye bei.

Sasa maulizo yenyewe. Ujumbe unaokuja kupitia saraka mara nyingi husomeka hivi: "Habari, tunafunga ndoa na tungependa kujua zaidi kuhusu huduma na bei zenu. Asante." Chini yake kuna jina la kwanza, tarehe, idadi ya wageni na barua pepe. Mtu akiupokea mara ya kwanza anafikiri kuna bibi harusi aliyekaa akamwandikia yeye. Maneno hayo yameandikwa na mfumo. Bibi harusi amebofya kitufe tu, na katika saraka nyingi mfumo humuuliza papo hapo kama angependa ujumbe huo uende pia kwa watoa huduma wengine wanaofanana na wewe. Akikubali, wapambaji kadhaa wanaupata kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukimpigia simu anaweza kukuuliza kwa upole, "Samahani, ninyi ni wale wa wapi?" Hajakudharau. Yuko mwanzoni kabisa mwa safari, ana majina mengi kichwani, na anayemrahisishia kazi ndiye atakayemkumbuka.

Hapo kasi inakuwa kitu kikubwa. Mwaka 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha utafiti uliopima jinsi kampuni 2,241 za Marekani zinavyojibu maulizo ya mtandaoni: asilimia 37 zilijibu ndani ya saa moja, na asilimia 23 hazikujibu kabisa. Watafiti hao walikuta pia kuwa kampuni zilizojaribu kuwasiliana na mteja ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara saba ya kufikia mazungumzo ya maana, ukilinganisha na zile zilizochelewa hata kwa saa moja zaidi. Hazikuwa biashara za harusi, lakini kila mpambaji anayeuza kupitia saraka anaijua hali hiyo. Wa kwanza kujibu vizuri ndiye anayeweka kipimo, na wanaofuata wanalinganishwa naye.

Nasisitiza kujibu vizuri kwa sababu haraka peke yake haitoshi. Kuna jibu la haraka linalosema tu "asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu", na hilo halimpi mtu chochote. Jibu langu la kwanza ni fupi. Mstari wa kwanza unamaliza habari ya tarehe: "Hongereni sana. Jumamosi hiyo tuko wazi." Wa pili unataja bei ya kuanzia kwa idadi ya wageni waliyoandika, pamoja na kinachoingia ndani ya bei hiyo. Naambatanisha picha mbili za kazi yenye ukubwa unaokaribia wao. Mwisho naweka swali moja tu, la kujibika kwa kidole kimoja mtu akiwa safarini: "Sherehe ni ndani ya ukumbi au nje?" Hilo swali ndilo hubeba kila kitu. Aliyejibu swali moja ameshaingia kwenye mazungumzo, na mimi nimepata jambo ninalolihitaji kweli, maana upepo, mwanga na mahali pa kuning'iniza vitambaa ndivyo vinavyoamua nusu ya kazi yangu.

Kuhusu bei najua wenzangu wengi hawakubaliani nami. Wanasema ukitaja bei mapema unamfukuza mteja kabla hujamwonyesha uzuri wa kazi. Mimi naamini mteja wa saraka yuko tofauti na aliyeletwa na rafiki. Aliyeletwa na rafiki ameshakuamini, anaweza kusubiri. Wa saraka ana kurasa nyingine zilizofunguliwa, na ukikwepa bei anahamia kwa aliyeitaja. Kisha kuna huruma pia. Watu hawa wana bajeti yenye mipaka na wengi wanaona aibu kusema "hatuna kiasi hicho" baada ya vikao viwili. Bei ya kuanzia inawapa heshima ya kuondoka mapema bila maelezo. Asiponijibu namkumbusha mara moja baada ya siku chache, na mara ya mwisho baada ya wiki moja hivi. Baada ya hapo namwacha.

Si kila ujumbe ni wa maharusi. Kuna aina ya utapeli inayowalenga hasa watoa huduma za harusi, na saraka ni mahali rahisi pa kutupata kwa sababu namba na barua pepe zetu ziko wazi. Mteja yuko nchi nyingine, au hospitalini, au anasikia kwa shida, hivyo hawezi kuongea kwa simu. Hajadili bei. Anataka kulipa yote mara moja kwa kadi, na anaomba uongeze kwenye malipo hayo fedha za mtoa huduma mwingine, labda mpangaji wa sherehe, ambaye "hapokei kadi", kisha wewe umtumie huyo fungu lake. Kadi ni ya wizi. Wiki kadhaa baadaye benki inayarudisha malipo kwa mwenye kadi, na zile ulizomtumia mtu wa tatu haziwezi kurudi. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hiyo ya mtu wa tatu. Mteja wa kweli hana sababu ya kupitishia kwangu fedha za mwingine. Nikiona ombi hilo nafunga mazungumzo na kutoa taarifa kwa saraka, hata kama barua imeandikwa kwa adabu ya namna gani.

Kwenye picha nimetumia muda mwingi kuliko kwenye maelezo yote, na sijutii. Katika orodha ya saraka mteja haoni ukurasa wako. Anaona kijipicha kimoja, jina na nyota, na kidole kinaendelea kuteleza. Kijipicha hicho kwa kawaida hukatwa pembeni ili kitoshe kwenye kisanduku. Picha pana ya ukumbi mzima, ile inayopendeza ikichapishwa kubwa, ikiwekwa hapo inakuwa giza lenye vidoa vya taa. Maua huyaoni, meza huzioni. Ninayoweka mimi ni picha ya meza moja iliyopigwa kwa karibu, wakati taa za ukumbi zimewaka na nje bado kuna mwanga: mikunjo ya kitambaa inaonekana, petali zinaonekana, na nyuma yake jukwaa limefifia kidogo ila rangi yake inasomeka. Kabla sijaipakia naikata mwenyewe kwa umbo la kisanduku cha saraka na kuitazama kwenye skrini ya simu nikiwa nimenyoosha mkono. Kama sioni kitu kwa umbali huo, bibi harusi hataona pia.

Picha zinazofuata napanga kwa ukubwa wa sherehe, kuanzia ndogo. Mwenye wageni wachache akifungua na kukuta majukwaa makubwa matupu anahisi hapo si mahali pake, wakati sherehe ndogo ndizo zinazoijaza kalenda yangu siku ambazo si za Jumamosi. Na picha zote ziwe za kazi yako. Hata hapo kuna haki za watu: katika nchi nyingi mwenye hakimiliki ya picha ni mpiga picha, isipokuwa mkataba wake unasema vingine, na nyuso zilizomo ni za watu wenye haki ya kukataa. Mimi huomba ruhusa kwa maandishi, kwa mpiga picha na kwa maharusi, na jina la mpiga picha naliandika chini ya picha. Wapiga picha hawasahau jambo hilo. Wengine wamenitaja kwa wateja wao kwa sababu hiyo tu.

Maoni ya wateja yana uzito kwetu sisi wadogo kuliko kwa wenye majina makubwa. Michael Luca wa Harvard Business School aliwahi kuchunguza migahawa ya Seattle kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, na katika ripoti yake ya mwaka 2011 alikuta nyota moja zaidi ikiongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa inayojitegemea, na ile ya matawi haikuguswa. Naelewa kwa nini. Jina linalojulikana linajieleza lenyewe. Mimi hakuna anayenijua, kwa hiyo maneno ya aliyenitumia ndiyo dhamana yangu.

Wakati mzuri wa kuomba maoni ni pale maharusi wanapopokea picha zao, si kesho ya harusi wakiwa wamechoka, wala miezi baadaye wakiwa wamesahau. Nawaandikia kwa majina yao na kuwauliza jambo mahususi: ile mvua ilipotishia na tukahamisha meza, ilikuwaje kwa upande wenu? Anayejibu swali kama hilo anaandika habari, na habari ndiyo inayosomwa. "Huduma nzuri, nawapendekeza" haimsaidii anayefuata. Sijawahi kutoa punguzo ili kupata nyota na sitatoa. Mbali na kuwa ni kumdanganya mtu anayetumia akiba yake kwa siku moja, sheria nazo zinabana. FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilianza mwezi Oktoba 2024 kutekeleza kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo.

Lakini maoni yaliyoandikwa ndani ya saraka yanakaa ndani ya saraka. Siku ukiacha kulipa, ukurasa unaweza kushuka au kupunguzwa, na miaka yako ya sifa ikabaki mahali usipokuwa na mamlaka nako. Ndiyo sababu nawaomba maharusi, kama wana dakika mbili zaidi, waandike pia kwenye ukurasa wangu wa Google, na wakiniruhusu naweka maneno yao kwenye tovuti yangu. Hiyo tovuti ni ya kurasa chache tu, lakini anwani yake ni yangu.

Turudi kwenye swali la mlitupataje, kwa sababu lina mtego. Watu wengi hujibu "mtandaoni" na kuishia hapo. Basi nauliza la pili: na kabla ya kutuandikia, mliangalia wapi pengine? Hapo ndipo ukweli unatoka. Mmoja aliniona kwenye saraka, akaenda Instagram kuhakikisha kazi ni za kweli, akamuuliza meneja wa ukumbi kama ananijua, ndipo akaandika kupitia tovuti. Ningehesabu njia ya mwisho peke yake, saraka ingeonekana haikufanya kitu. Ningeamini ripoti ya saraka, sifa zote zingekuwa zake. Kwenye daftari langu naandika alikoniona kwanza, kilichomfanya aamini, na njia aliyowasiliana nayo, kisha safu ya nne, iliyo muhimu kuliko hizo: amesaini au hakusaini. Kiungo ninachoweka kwenye saraka nacho kina alama zake mwishoni mwa anwani, zile zinazoitwa UTM, ili takwimu za tovuti zionyeshe nani ameingilia wapi.

Ada yenyewe naipima kwa faida, si kwa mapato. Chukua kinachobaki mfukoni kwenye harusi moja ya kawaida baada ya kulipa maua, wasaidizi, usafiri na ufuaji wa vitambaa. Kama ada ya mwaka ni mara nne ya hicho, harusi nne za kwanza kutoka saraka hiyo zinafanya kazi ya kulipa saraka, na ya tano ndiyo inaanza kukulisha. Jiulize basi kama saraka hiyo ilikuletea mikataba mitano mwaka uliopita, na kama ungeweza kuipata baadhi yake bila ada. Maulizo mengi yasiyosaini nayo ni gharama, maana kila moja linakula muda wa jibu, wa makadirio, pengine wa kikao.

Wauzaji wengine hutaja pia kwamba kiungo kutoka kwenye saraka kitaipandisha tovuti yako kwenye Google. Ulizia kiungo hicho kimewekwaje. Tangu mwaka 2005 kuna alama ya nofollow ambayo tovuti huweka kuashiria kuwa hazikidhamini kiungo, na mwaka 2019 Google iliongeza alama ya sponsored kwa viungo vilivyolipiwa. Kiungo chenye alama hizo kinaweza kukuletea wageni, na hilo ni jema, ila usikitegemee kukupandisha kwenye Google, basi kisiwe sababu ya kuongezewa bei.

Mkataba nao usomwe hadi mwisho. Mingi ni ya mwaka mzima hata kama malipo ni ya kila mwezi, na mingi hujiongeza yenyewe usipotoa taarifa kwa maandishi siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe ya kutoa taarifa naiweka kwenye kalenda siku ile ile ninaposaini, pamoja na anwani ya barua pepe ambayo mkataba umetaja kwa ajili hiyo, kwa sababu kumwambia ofisa mauzo kwa simu mara nyingi hakuhesabiki.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye kifurushi chochote ni wakati. Maharusi hutafuta mpambaji miezi mingi kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo msimu wa kutafuta na msimu wa harusi ni misimu miwili tofauti. Wakati nimezama kwenye maua na ngazi kila wikiendi, wanaotafuta wa msimu huo wameshamaliza, na maulizo yanayokuja siwezi kuyajibu kwa kasi inayotakiwa. Daftari langu limenionyesha miezi ambayo waliosaini waliniandikia kwa mara ya kwanza. Mkataba ulipokaribia kuisha nilimwonyesha ofisa mauzo miezi hiyo, nikamwambia nitabaki na saraka yake moja, zingine nitatumia kurasa za bure, kwa sharti kwamba nafasi ya kulipia iwashwe miezi hiyo tu. Alisema haijawahi kufanyika, akampigia bosi wake, na tukasaini kwa nusu mwaka.